Mashine ya Ofisini au ya Kuunga Mwenyewe: Ipi Itaendesha PS2 na PS3 kwa Fedha Ndogo?

Ukiingia duka la kompyuta za mtumba Darajani au Mlandege ukasema unataka mashine ya gemu, aghlabu utaambiwa: "Chukua hii, i7, ramu 16." Kwa anayetaka kuendesha emuleta, yaani programu inayoigeuza kompyuta kuwa PlayStation 2, PSP, GameCube au PS3, jibu hilo halitoshi hata kidogo. Kuna i7 ya mwaka 2011 na i7 ya mwaka 2018. Jina ni moja, lakini ile ya kwanza itakukwamisha kwenye gemu ambazo i3 ya mwisho wa mwaka 2017 inaziendesha vizuri. Kabla hujauliza ramu wala diski, uliza kizazi cha prosesa. Naandika kwa ajili ya vijana wa Unguja na Pemba wanaodunduliza fedha kwa mashine moja tu. Akinunua vibaya, hana ya kununulia nyingine.

Prosesa ya PS2, mashine iliyotoka mwaka 2000, inakwenda kwa takribani MHz 294, na ramu yake ni MB 32. Mtu akisikia hivyo hushangaa kwa nini kompyuta ya GHz 3 ihangaike nayo. Sababu ni kwamba emuleta hailiendeshi gemu moja kwa moja. Inalichukua kila agizo lililoandikwa kwa prosesa ile ya Sony na kuligeuza liwe maagizo ya Intel au AMD, papo kwa papo, huku ikiigiza pia vitengo viwili vya hesabu, chipu ya picha na chipu ya sauti, na vyote lazima viende pamoja bila kimoja kuachwa nyuma. Kazi hiyo haigawiki kirahisi. PCSX2, ambayo ndiyo emuleta ya PS2 wanayoitumia wengi, huelemea nyuzi mbili tatu za prosesa (uzi ni mkondo mmoja wa kazi), na mmoja kati ya hizo ndio unaobeba mzigo mkubwa. Kwenye kidumbak, mpiga sanduku akichelewa, hata uongeze wapiga mkwasa kumi ngoma haikimbii. Kwa PS2, viini 4, yaani sehemu 4 za prosesa zinazofanya hesabu kila moja peke yake, vinatosha kabisa. Kinachotakiwa ni kila kiini kiwe na nguvu zake.

PS3 ni habari nyingine. Prosesa yake, Cell, ina kiini kikuu kimoja cha GHz 3.2 na visaidizi vingi pembeni, ambavyo gemu hupata 6 kati yake. RPCS3, emuleta yake, hupenda viini vingi, na watengenezaji wake wanapendekeza viini 6 na nyuzi 12. Kwa hiyo mashine iliyo nzuri kwa PS2 si lazima iwe nzuri kwa PS3, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Gemu zipi hasa?

Kama haja yako ni PS1 na PSP tu, usinunue kitu. DuckStation na PPSSPP, emuleta zake, ni nyepesi mno. PPSSPP inakwenda hata kwenye simu ya kawaida, na kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita inaiendesha bila kuhema.

GameCube na Wii zinaendeshwa na Dolphin, na kanuni yake ni ile ile ya PS2: kiini chenye nguvu kwanza. Kwa hiyo hapa chini kila ninaposema PS2, hesabu na hizo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau. Gemu likiwa na toleo lake la kompyuta, tumia hilo. PES 6, PES 2013 na GTA San Andreas zote zilitoka kwa kompyuta pia, na matoleo hayo hayapiti kwenye ugeuzaji wowote, kwa hiyo mashine dhaifu inayaendesha vyema zaidi kuliko itakavyoyaendesha kwa emuleta. Ikiwa maskani yenu mnataka mpira tu baada ya tarawehe, mjadala mzima wa prosesa unaweza kuishia hapo. Emuleta ni kwa zile zisizo na njia nyingine: Shadow of the Colossus kwa sura yake ya PS2, God of War zile mbili za mwanzo, Gran Turismo 4. Na hizo ndizo nzito.

Kusoma namba ya prosesa

Kwenye i5-4570, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 4. Kwenye i5-8500, cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10400, soma mbili za mwanzo: cha 10. Hili peke yake litakuokoa na hasara nyingi. i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini 4 na nyuzi 8, na muuzaji ataisifia. Lakini i3-8100, ya kizazi cha 8, yenye viini 4 na nyuzi 4 tu, inaishinda kwa nguvu ya kiini kimoja, na ina maagizo yanayoitwa AVX2 ambayo ile i7 haina. PCSX2 ya sasa inawaka hata bila AVX2, ila inakwenda vizuri zaidi ikiwa nayo. Kwa Intel, AVX2 ilianza na kizazi cha 4, mwaka 2013. Ndiyo maana kizazi cha 2 na cha 3 mimi sivishauri kwa yeyote, hata bei iwe ya kutupa. Celeron na Pentium nyingi nazo zimenyimwa AVX2 hata zikiwa mpya kuliko i5 ya kizazi cha 4, kwa hiyo usidanganywe na upya wake.

Herufi ya mwisho nayo isome. U ni prosesa ya laptopu inayobana umeme. T ni ya kompyuta ya mezani iliyopunguzwa nguvu, na hukaa ndani ya vile vikasha vidogo vinavyobandikwa nyuma ya skrini. i5-4570 ina viini 4. I5-4570T ina viini 2 tu. Tofauti ni herufi moja, na kwenye kibandiko cha nje cha kasha huioni. Mwambie awashe mashine, ufungue maelezo ya mfumo, uisome namba mwenyewe. F maana yake haina picha ya ndani, yaani sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa, lazima uweke kadi ya michoro.

Njia nne, zikipimwa

Ya bei ndogo kuliko zote ni mashine ya ofisini ya kizazi cha 4: Dell OptiPlex 9020, HP EliteDesk 800 G1, Lenovo ThinkCentre M93p. Hizi zimejaa madukani kwa sababu ofisi za nje huzitoa kwa mafungu. Ikiwa na i5-4570 au i5-4590, inaziendesha gemu nyingi za PS2 kwa kasi kamili. Udhaifu wake ni picha ya ndani: Intel HD 4600 haina Vulkan, njia ya kisasa ya programu kuiamuru sehemu ya michoro, kwenye Windows, na ukipandisha ukubwa wa picha inachoka. Kwa hiyo njia hii hukamilika kwa kuongeza kadi ndogo. Shadow of the Colossus itaitoa jasho hata ukiwa na kadi, kwani anayechoka pale ni prosesa. PS3 iondoe akilini.

Kizazi cha 6, kama i5-6500 kwenye OptiPlex 7050 au EliteDesk 800 G2, kina ramu ya DDR4 na picha ya ndani HD 530 yenye Vulkan. Ni bora kuliko cha 4, lakini si kwa pengo la kukufanya ulipe nyongeza kubwa. Bei zikikaribiana, kichukue. Zikiachana sana, ama rudi cha 4 uongeze kadi, ama subiri ufike cha 8.

Kizazi cha 8 ndicho ninachokipendekeza kwa moyo mmoja. OptiPlex 5060 au 7060, HP ProDesk 600 G4, ThinkCentre M720, zikiwa na i5-8500: viini 6, kasi inayofika GHz 4.1, picha ya ndani UHD 630. Kwa PS2 inabeba hata nyingi ya zile nzito, na bila kadi yoyote unaweza kucheza gemu nyingi kwa mara mbili ya ukubwa wa asili, ambao ni kama 720p. Zaidi ya hayo, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha 8 ndicho cha kwanza kwa Intel ya mezani kukubaliwa rasmi na Windows 11. Mwenye kizazi cha 4 au cha 6 aidha abaki na Windows ya zamani, aidha ahamie Linux, ambako PCSX2, Dolphin na RPCS3 zote zipo.

Njia ya nne ni kuunga mwenyewe kwa vipande vipya: Ryzen 5 5600G, mazabodi (ubao mkuu) ya A520 au B450, ramu GB 16, SSD (diski ya kasi isiyozunguka), pawa saplai na kasha. Hiyo ina viini 6 na nyuzi 12, inafika GHz 4.4, na picha yake ya ndani, Vega 7, inaiacha mbali UHD 630. Kati ya nne hizi ni hii peke yake ninayoweza kukwambia uijaribie PS3 kwa matumaini. Hata hivyo God of War III na The Last of Us zitaishinda. Kwa PS3 utachagua gemu nyepesi. Angalia pia usije ukauziwa Ryzen 5 5500 ukidhani ni ile ile: haina picha ya ndani kabisa, na bila kadi skrini itabaki nyeusi.

Tatizo la njia ya nne ni kupatikana kwa vipande. Mazabodi ukiipata Unguja, prosesa huenda uiagize Kariakoo ya Dar es Salaam, ramu utumiwe na mtu Dubai. Kipande kimoja kikifika kibovu, unakisindikiza tena kwenye boti. Mashine ya ofisini unaiona ikiwaka mbele yako na unaondoka nayo. Kwa ndugu zangu wa Chake Chake na Wete, ambao kila kirudishwacho kina safari yake ya bahari, sababu hii ina uzito mara mbili.

Laptopu sijaihesabu kuwa njia. i5-6300U ina viini 2 na imejengwa kwa W 15. Dakika chache za mwanzo itakufurahisha, kisha joto litapanda, nayo itajipunguzia kasi ili isiungue, na sauti ya gemu itaanza kukatikakatika. Chumbani mwetu wakati wa Kaskazi, na feni ya dari inazungusha hewa ya moto, hali hiyo inakuja mapema zaidi. Kama laptopu unayo tayari, itumie kwa PSP na PS1. Kama hujanunua, nunua ya mezani.

Kadi ya michoro

Kadi haiharakishi emuleta ya PS2 iliyozidiwa na prosesa. Kazi yake ni kupandisha ukubwa wa picha: asili, mara mbili, mara tatu ambayo ni kama 1080p. Ukiwa na skrini ndogo ya ofisini, kadi ya kawaida inatosha. Ukiunga kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, utaona tofauti kweli.

Kadi ninayoitafuta kwanza ni GTX 1050 Ti: ramu GB 4, W 75, na matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme kwa sababu W 75 ndicho kiwango kinachoweza kutolewa na nafasi ya kadi kwenye mazabodi. GTX 750 Ti ya mwaka 2014, W 60, ni dada yake mkubwa, dhaifu kidogo lakini inafaa. Kwa kasha jembamba ambalo kadi ndefu haiingii, kuna GT 1030 ya W 30, na hapa fungua macho. Zipo GT 1030 mbili zenye jina moja. Ya GDDR5 husafirisha data GB 48 kwa sekunde. Ya DDR4, iliyokuja baadaye, GB 16.8 tu. Boksi zinafanana. Ukipandisha ukubwa wa picha, kinachoelemewa ni usafirishaji huo hasa, kwa hiyo ile ya DDR4 usiichukue, ni afadhali ubaki na UHD 630 uliyonayo. Isome kwenye boksi, na kama boksi halipo, programu ya GPU-Z itakuonyesha aina ya ramu kadi ikiwa imewashwa.

GT 710 na GT 730 zinauzwa sana kwa sifa ya "GB 4". Ukubwa wa ramu ya kadi hausemi kitu ikiwa ramu yenyewe ni DDR3 ya polepole. Kuna hata GT 730 zilizojengwa kwa chipu ya zamani isiyo na Vulkan kabisa. Ziache.

RX 570 ina nguvu kuliko zote nilizozitaja, lakini inataka W 150 na waya wake wa umeme, na mashine ya ofisini haina. OptiPlex 9020 yenye kasha jembamba ina pawa saplai ya W 255. Ya kasha la kusimama ina W 290, na kiungio chake kwenye mazabodi si kile cha kawaida, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii bila waya wa kubadilishia. Fundi akikwambia atakata waya na kuunga kwa kulehemu, chukua mzigo wako uondoke. Ukiwa na uchaguzi, lipa zaidi kidogo upate kasha la kusimama badala ya jembamba: kadi yoyote ya urefu wa kawaida inaingia, hewa inapita, na kusafisha ni rahisi.

Ramu na diski

GB 8 zinatosha kwa PS2. Kwa PS3 na Ryzen weka 16, maana Vega inakula sehemu ya ramu hiyo. Muhimu kuliko ukubwa ni ziwe vipande viwili vinavyolingana, viwili vya 4 au viwili vya 8. Picha ya ndani inategemea ramu ya kompyuta, na kipande kimoja kinaipunguzia njia nusu nzima. SSD ya GB 240 kwa Windows na diski ya zamani ya kuzunguka (hard disk) kwa gemu ni mpango mzuri: diski ya PS2 ya kawaida haizidi GB 4.7, ukiibana kwa muundo wa CHD inapungua tena, na kasi ya hard disk inaitosha.

Ile droo ya DVD kwenye mashine ya ofisini usiidharau. Diski zako za PS2 zinasomeka humo na unaweza kuzinakili mwenyewe. PCSX2 inadai pia BIOS, programu ya ndani inayoiwasha PS2, ambayo kihalali unaitoa kwenye PS2 yako, basi ile mashine iliyolala kabatini usiitupe. RPCS3 haihitaji BIOS; inatumia mfumo wa PS3 ambao Sony yenyewe imeuweka wazi kwenye tovuti yake.

Umeme na chumvi

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa baharini hadi Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga, na wote tunajua unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Kwa mashine ya ofisini yenye 1050 Ti, UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inakupa dakika za kuhifadhi gemu na kuzima kwa adabu. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, hata ikibidi kadi isubiri. Anayepanga kutumia RPCS3 ana sababu ya ziada: gemu likifunguliwa mara ya kwanza, emuleta hutafsiri sehemu zake kwa muda mrefu kabla ya kuanza, na umeme ukikatika katikati unasubiri tena.

Chumvi ni adui mwingine. Mashine iliyokaa karibu na pwani miaka miwili hushika kutu kwenye vijino vya kadi na ramu. Unaponunua ya mtumba, omba kasha lifunguliwe, utazame nyuma kwenye viungio: ukiona rangi ya kijani au unga mweupe, iache. Ramu isiyosomeka mara nyingi hupona kwa kusuguliwa vijino vyake na kifutio laini cha penseli. Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozeo chake, ibadilishwe siku unayoinunua. Iliyopo huwa imekauka tangu mashine ilipokuwa ofisini.

Kabla hujalipa

Nenda dukani na PCSX2 kwenye flashi pamoja na gemu lako zito na BIOS yako. Washa maandishi ya juu ya skrini yanayoonyesha kasi na matumizi. Cheza robo saa, si dakika mbili, joto lipande. Kasi ikikaa 100 kwa mia, hiyo mashine inafaa. Ikishuka, tazama namba mbili: EE, ambayo ni mzigo wa prosesa, na GPU, ambayo ni ya kadi. GPU ikiwa ndiyo iliyojaa, punguza ukubwa wa picha na ujaribu tena, au panga kununua kadi baadaye. EE ikiwa imejaa huku picha iko katika ukubwa wake wa asili, hakuna kadi wala ramu itakayoitengeneza. Mwambie muuzaji akutolee nyingine ya kizazi cha juu, au ingia duka la pili.